Nyanya zimefunga utando na dawa haisaidii: jibu kwa mkulima wa Pongwe

"Shikamoo mtaalamu. Niko Pongwe hapa Tanga, nina kitalu nyumba kidogo mita 8 kwa 15, nimepanda nyanya mashina kama 300, miche niliagiza Lushoto. Zilianza vizuri sana, sasa zina miezi miwili, zina maua na matunda ya kwanza. Wiki tatu zilizopita majani ya chini upande wa mlangoni yalianza vidoti vya njano kama yamechomwa sindano, alafu yakawa rangi ya kutu, saivi kuna utando kama wa buibui mpaka kwenye vikonyo. Jirani kasema ni rasta. Muuza dawa kasema ni wadudu, kanipa dawa, nimepuliza mara nne, mara ya mwisho nikazidisha kipimo mara mbili na nikatia sabuni ya unga ili ishike. Naona ndo kama nawalisha. Na baada ya kupuliza uso uliniwaka usiku mzima. Mbona kitalu kina neti, wameingiaje? Ning'oe zote? Na msimu ujao nifanyeje wasije tena?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole na uso, na naomba tuanze na huo kabla ya nyanya, manake nyanya zinapandwa tena. Kuwaka uso baada ya kupuliza ni kawaida ya dawa za jamii ya pairethroidi, zile ambazo kwenye lebo utakuta majina kama lambda-cyhalothrin au cypermethrin. Zinachezea mishipa ya fahamu ya kwenye ngozi, unahisi moto na sindano sindano, mara nyingi inaisha yenyewe ndani ya siku moja. Lakini wewe umepuliza ndani ya kitalu kilichofungwa, kipimo mara mbili, na nabahatisha tu kwamba hukuwa na barakoa wala miwani. Ikitokea tena ukapata kizunguzungu, kutapika, jasho jingi, mate kukutoka, kifua kubana au kuona ukungu, hiyo siyo ya kunywa maziwa na kulala. Maziwa hayaondoi sumu, watu wanapoteza muda hapo. Vua nguo, oga na sabuni, nenda hospitali na ubebe chupa yenyewe yenye lebo ili daktari ajue anapambana na nini.

Haya, tuje kwenye nyanya.

Umenieleza mambo matatu ambayo yananitosha kujua unachopambana nacho hata bila kufika Pongwe: vidoti vidogo vidogo vya njano, majani kuwa rangi ya kutu kuanzia chini kwenda juu, na utando. Hiyo siyo rasta. Rasta ni ugonjwa wa virusi, unaletwa na nzi weupe, na mmea wenye rasta unaujua kwa majani ya juu, yanakuwa madogo, yanajikunja kama kikombe, pembeni yana unjano, mmea unadumaa unakuwa kichaka, maua yanapukutika. Utando hauna. Wewe una utitiri mwekundu, ambao wengine dukani wanauita redi spaida.

Thibitisha mwenyewe leo, haichukui dakika mbili. Chukua karatasi nyeupe ya daftari, iweke chini ya jani lililoanza vidoti (siyo lile lililokauka, lile wameshalihama), ligonge jani mara tatu nne kwa kidole. Utaona kama vumbi la pilipili ya unga limeanguka. Kaa kimya uliangalie. Vumbi likianza kutembea, ndo hao. Pitisha kidole juu yake, kikiacha michirizi yenye rangi ya kutu kwenye karatasi hapo huna haja ya kuuliza mtu tena. Na ukiwa na lenzi ndogo ya kukuza mara 10, geuza jani utazame upande wa chini karibu na mshipa wa kati, utawaona na miguu yao minane, na pembeni yao vitone vya mviringo vinang'aa kama shanga za kioo. Hivyo vitone ni mayai, na hayo mayai ndo yanayokushinda, nitaeleza.

Hiyo miguu minane ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Utitiri siyo mdudu kamili, ni ndugu wa buibui na kupe. Dawa nyingi za wadudu zimetengenezwa kwa ajili ya wenye miguu sita, funza, nzi weupe, vidukari. Ukimpulizia utitiri dawa ya pairethroidi haimuui kama unavyotegemea, inamkera tu. Akikereka anahama shina hili anakwenda lile, kwahiyo ulichokuwa unafanya wewe na bomba lako mgongoni ni kuwatoa pale mlangoni na kuwasambaza kitalu kizima. Alafu kuna hasara ya pili. Kwenye kila shamba kuna utitiri wengine, wadogo hivyo hivyo, kazi yao ni kuwinda hawa wekundu na kunyonya mayai yao. Kuna kale kadudu ka mviringo kama nusu harage, kekundu kenye madoa meusi, na kenyewe kanakula. Hao wote dawa yako imewafagia. Umeua askari ukamwacha mwizi, alafu kwa kuzidisha kipimo ukaua na askari waliokuwa wamebaki. Uliposema "naona ndo kama nawalisha" hukukosea sana, ni jambo linalojulikana kabisa kwenye kilimo, utitiri kulipuka baada ya pairethroidi kupulizwa mara kwa mara.

Sasa hesabu ya mayai. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi, yai linaanguliwa kwa siku tatu au nne, na kutoka yai mpaka jike linalotaga ni kama wiki moja na kidogo. Jike moja likipata chakula kizuri linaweza kutaga mayai zaidi ya 100. Kipindi hiki cha kaskazi, Januari Februari, Tanga nje tu ni nyuzi 31, 32, ndani ya kitalu chako chenye nailoni juu saa nane mchana sijui hata wewe unaingiaje. Ukavu na joto ndo harusi yao. Mvua za masika zikija Machi zinawapunguza huko nje kwasababu maji yanawaosha na unyevu hawaupendi, lakini wewe umeezeka, kwahiyo hiyo nafuu ya mvua wewe hupati. Hili watu wa vitalu nyumba huwa hawaambiwi wakati wa kuuziwa.

Na neti? Neti nzuri ya matundu 50 kwa inchi inamzuia nzi mweupe, na kwa hilo peke yake inastahili hela yake maana inakuokoa na rasta. Utitiri haizuii. Jike lenyewe halifiki hata milimita moja, nusu yake tu, na wanapozidiana wanapanda juu kabisa ya mmea wanajiachia kwa uzi, upepo unawachukua. Lakini kwa kitalu chenye neti mimi upepo siuweki wa kwanza kushukiwa. Njia zao kubwa ni tatu: miche, nguo za watu, na magugu.

Miche yako imetoka Lushoto, sina ubaya na Lushoto, nyanya nyingi tunazokula hapa mjini zinatoka huko. Lakini huko kuna nyanya mwaka mzima, na mche ukikaa jirani na shamba kuukuu unakuja na wageni chini ya jani wawili watatu ambao kwa macho huwaoni. Kama ni wao walioanza ungeona madoa yametapakaa huku na huku. Wewe umesema yalianzia mlangoni. Hapo mimi nashuku nguo, au kitu kilichoota karibu na mlango.

Nikuulize, nje ya mlango kuna mnavu? Nauliza kwasababu kitalu cha mwisho nilichokwenda chenye kesi kama yako, huko njia ya Amboni, mama mwenye nyumba alikuwa na tuta zuri la mnavu hatua mbili kutoka mlangoni, anachuma jioni anakuja moja kwa moja kufunga kamba za nyanya na kanga ile ile aliyowekea mboga. Nilipogeuza jani la mnavu nikakuta ni wekundu tupu. Kuna aina ya utitiri iliyotoka Amerika ya Kusini, kitaalamu Tetranychus evansi, huyo anapenda sana jamii ya nyanya, na mnavu ni ndugu wa nyanya, biringanya ndugu, ngogwe ndugu. Kwenye mnavu anakaa vizuri tu mwaka mzima anasubiri wewe upande. Yule mama hakunielewa kwa haraka, akaniambia mnavu huo kala tangu utotoni haujamletea ugonjwa. Kweli haujamletea yeye.

Tufanye nini sasa na mashina 300. Using'oe yote. Pita mstari kwa mstari asubuhi umande ukiwa bado, na mfuko mkubwa wa plastiki mkononi. Shina lenye utando mpaka juu usilionee huruma, lile halitakurudishia hata mbolea, likate, liingize kwenye mfuko hapo hapo lilipo, ufunge mdomo, usiliburute kwenye njia ya kati maana utakuwa unawamwaga kama mbegu. Mashina yenye vidoti kwenye majani ya chini tu, toa hayo majani ya chini mpaka kwenye kichala cha kwanza, nayo kwenye mfuko. Mfuko uache juani siku mbili tatu umefungwa, au uchome. Anza upande wenye mashina yasiyoumwa umalizie mlangoni kwa wagonjwa, usianze kwa wagonjwa. Na ukitoka hapo nguo ivue ufue.

Baada ya hapo ndo unaweza kupuliza, na una njia tatu, kila moja na ubaya wake.

Sabuni. Siyo ya unga tafadhali, ile ina vitu vikali vya kutolea madoa, inavua ile nta ya jani, na kama majani yako ya juu yameungua ungua siku hizi, nashuku ni sabuni hiyo siyo utitiri. Tumia sabuni ya mche ya kufulia isiyo na blichi, gramu 100 iliyokwanguliwa na kuyeyushwa kwenye maji ya moto kidogo kisha ujaze bomba la lita 15. Jaribu kwanza mashina matatu, subiri siku mbili, yasipoungua endelea. Sabuni inaua kwa kugusa tu. Ikikauka imekwisha kazi, haibaki kuwalinda, na usipolowesha upande wa chini wa jani umeosha jani bure. Faida yake ni bei, na haikutengenezei utitiri sugu. Kazi yake ni mgongo wako, manake utarudia kila baada ya siku nne tano.

Dawa za utitiri zenyewe, ambazo zimeandikwa hivyo kwenye lebo. Inayopatikana sana ni yenye abamectin. Inafanya kazi, sitakudanganya, kwa hali uliyonayo mimi ningeitumia. Ila haiui mayai. Ukipuliza leo ukaona kimya, siku ya nne mayai yanaanguliwa, na hapa ndo watu wengi wanasema dawa feki. Lazima urudie baada ya siku 5 mpaka 7, na usipitilize hapo kwa kufurahi kwamba wameisha. Alafu usiitumie mfululizo msimu mzima. Jike moja lililobaki hai kwa bahati ya maumbile yake linazaa wenye bahati hiyo hiyo, ndani ya miezi michache una utitiri wanaoioga dawa. Badilisha na ya kundi lingine, na kubadilisha jina la chupa siyo kubadilisha kundi, soma kiambata kilichomo. Angalia pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa pale, wewe una matunda tayari na hayo matunda watu watayala. Nyuki inawaua, kwahiyo jioni, nyuki wakishaondoka.

Salfa ya kuyeyusha kwenye maji. Ni ya bei nafuu na inasaidia hata ugonjwa wa ukungu unga. Lakini jua likiwa kali, ukipita nyuzi 30 na kitu, inaunguza mmea, na ukiichanganya na mafuta ya aina yoyote, ikiwemo ya mwarobaini, au ukazipishanisha kabla ya wiki mbili, inaunguza zaidi. Nalijua hili kwa maumivu yangu mwenyewe, mwaka wa kwanza nimetoka chuo nilipuliza mafuta Jumatatu na salfa Alhamisi kwenye shamba la mjomba wangu, mwezi wa pili, saa nne asubuhi. Jumamosi biringanya zimekuwa kama zimepitiwa na moto. Mjomba hakusema kitu, alinikaribisha chai tu, na hiyo ndo iliyoniuma zaidi. Kwa Tanga msimu huu, ndani ya kitalu, salfa iache mpaka kusi, Juni Julai huko.

Utaniuliza mwarobaini, kila mtu anauliza. Mwarobaini ni mzuri ila siyo kwa namna tunavyousifia. Nguvu iko kwenye kiini cha mbegu, majani ni dhaifu sana. Kipimo ni gramu 50 za kiini kilichotwangwa kwa lita moja ya maji, kwahiyo bomba lako ni robo tatu ya kilo, unalowesha usiku kucha, unachuja kwa kitambaa kizito, unapuliza jioni ya siku hiyo uliyochuja kwasababu jua linaivunja haraka. Haiui papo hapo, inamfanya mdudu asile na asikue vizuri. Kwa vidukari na watoto wa nzi weupe naikubali. Kwa utitiri waliokwisha kufunga utando ni kumpiga tembo na ubua. Majivu usimwage juu ya majani kabisa, vumbi juu ya jani linawasaidia utitiri na kuwasumbua wanaowawinda, ndo maana nyanya za kando ya barabara ya vumbi huwa zinaliwa kwanza.

Kuhusu kuwazuia wasije, ambalo ndo swali ulilopaswa kuuliza mwezi wa kumi na moja, sikulaumu, wote tunauliza tukishaungua. Miche ikifika usiiingize. Iweke mahali pa peke yake siku 7 mpaka 10, mbali na kitalu, kila siku mbili geuza majani na ile karatasi nyeupe. Siku hizo zinatosha yai lililofichika kuonekana. Bora zaidi usie mbegu mwenyewe kwenye trei chini ya neti, kazi yake siyo kubwa kama wanavyokutisha. Mlango uwe wa mara mbili, yaani unaingia kachumba kadogo, unafunga, ndo unafungua wa pili. Humo weka koti la kazi na ndala ambavyo havitoki nje. Asubuhi kitalu kwanza, shamba la nje baadaye, siyo kinyume, na anayetoka kuchuma mboga nje asiingie bila kubadilisha. Wageni wa kupiga picha waambie wapige kupitia neti.

Ukanda wa mita mbili tatu kuzunguka kitalu uwe mweupe, usiwe na jani. Mnavu usiung'oe kwa hasira, uhamishe tu, upande wa pili wa nyumba, ule ambao upepo unatoka kitaluni kwenda mnavuni na siyo vinginevyo, na uwe unaukagua nao.

Mbolea pia. Najua unapenda jani la kijani cha kuiva, ukiweka yurea kila wiki jani linakuwa laini lina utomvu mtamu, vidukari, nzi weupe, utitiri wote wanazaliana vizuri zaidi hapo. Weka kwa kipimo, na maji yasikatike, mmea wenye kiu utitiri wanaufaidi. Vibao vya njano vyenye gundi vining'inize usawa wa kichwa cha mmea, vinanasa nzi weupe na vidukari wenye mbawa, utitiri havinasi ila vinakupa taarifa ya mengine. Kantangaze, yule funza wa nondo anayechimba nyanya, aliyeripotiwa nchini mwaka 2014 na kufilisi watu, huyo ana mitego yake ya harufu, na dalili yake ni majani kuwa na mabaka meupe kama yamechimbwa ndani, usimchanganye na huyu.

La muhimu kuliko yote hayo: kila Jumatano na Jumamosi, kwa mfano, tembea ukageuze majani 30, kumi mlangoni, kumi katikati, kumi mwisho. Utitiri wakiwa kwenye majani mawili unawamaliza kwa vidole na ndoo ya maji. Wakishafunga utando tunakaa tunaandikiana hivi.

Mtu wa kumwona kwa macho ni afisa ugani wa kata yako. Mwite kama baada ya kupuliza mara mbili kwa kufuata nilivyosema, karatasi bado inatembea, kwasababu hapo inawezekana walishakuwa sugu tangu walikotoka. Mwite pia kama majani ya juu yataanza kujikunja, hapo rasta nayo itakuwa imeingia na mashina hayo ni ya kung'oa tu, virusi havina dawa. Na kama unahisi chupa uliyouziwa siyo yenyewe, dawa zinasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, lebo isiyo na namba ya usajili usiilete nyumbani.

Ukishavuna hizi zilizobaki, toa kila kitu, mashina, magugu, na zile kamba za kufungia, kamba uzichome usizihifadhi kwa ajili ya msimu ujao, wanajificha kwenye mafundo. Funga kitalu kikae kitupu bila jani moja wiki tatu hivi. Na wakikwambia upande matango badala ya nyanya ili uwakwepe, wakatalie. Yule wa mnavu matango hayapendi sana, ila ana ndugu yake mwenye madoa mawili mgongoni, huyo matango ni chakula chake kabisa, na kwa ile karatasi nyeupe huwezi kujua una yupi.